Vigamba vya Mfuko wa Tisa

Nyamisangura,
Tarime.
14 Septemba 1999

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yanakupa nafuu ya kufika kanisani bila kushikwa mkono. Mimi huku sijambo kabisa. Nakula vizuri, na kile kikohozi cha vumbi la mawe kimeniacha. Wifi Efrazia hajambo? Wajukuu wako wanasoma au wanacheza tu? Nimesikia tembo wameingia tena kwenye mtama wa kaka Oduol, na mwalimu mzima akatoka na taulo kiunoni kupiga madebe. Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana huo mtama ndio uji wako.

Umeona nimeandika herufi kubwa kubwa. Ni kusudi, ili uisome mwenyewe kwa miwani yako ya Biblia, polepole, kama ulivyofundishwa kule kwenye kisomo. Tafadhali Mama, hii usimpe Oduol akusomee. Ile ya mwezi wa saba aliisoma mbele ya watu kwa sauti ya redio, na ona imetufikisha wapi.

Ndiyo, najua. Oduol ameniandikia kwamba umeshafunga mkoba, kwamba unataka kuvuka mpaka wa Sirari uende Migori kwa mjomba Olima kumtafuta ndugu yangu Awino. Anasema umeshika barua yangu mkononi kama hati. Mama, nakuomba kwa jina la Mungu, usipande gari lolote kabla hujafika mwisho wa karatasi hizi. Ile ya kwanza niliiandika kwa furaha tu, na mtu mwenye furaha haelezi vizuri. Kwa hiyo acha nianze upya, tangu siku Daktari Waitara aliponikuta.

Kwanza, huyu si daktari wa kutibu. Najua ulimtuma Efrazia aniulizie dawa ya magoti. Hana! Ni msomi wa mawe wa chuo kikuu, Mkurya wa hapa hapa, amechukua likizo ndefu kuja kumuuguza baba yake, na kazi yake amekuja nayo: mifuko ishirini na miwili ya udongo wa mfinyanzi, uliotolewa kwenye shimo jembamba walilotoboa kule pwani ya kusini. Mfuko wa kwanza ni udongo wa juu, wa ishirini na mbili ni wa chini kabisa. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyorudi nyuma kwenye miaka. Alikuwa anatafuta mtu mwenye macho. Akaambiwa wapo wanawake waliorudi kutoka machimboni Nyamongo, wanaoona chembe ya dhahabu kwenye karai la tope kabla ya wenzao kuona tope lenyewe. Akaletwa kwangu nilipokuwa nauza dagaa. Akanimwagia mchanga kidogo kwenye sahani nyeusi, akanipa brashi yenye nywele tatu, akasema nitoe punje nyeupe tu. Nilizimaliza kabla hajamaliza chai yake. Akasema nije kesho nyumbani kwa baba yake.

Kazi ilikuwa hivi. Udongo unalowekwa mpaka unalainika, unaoshwa kwenye chekeche laini kuliko kitambaa, unaanikwa, kile kivumbi kinachobaki unakitia kwenye kichupa chenye namba ya mfuko wake, halafu unakitandaza kidogo kidogo kwenye kisahani cheusi chini ya hadubini. Hadubini ya Daktari haitaki umeme. Ina kioo kidogo pembeni, unakielekeza dirishani, jua linafanya kazi.

Siku ya kwanza nilipoweka jicho niliruka. Nilidhani kuna mtu amemwaga bisi. Nikatoa jicho, nikatazama kisahani: vumbi. Nikarudisha jicho: nyumba! Mama, nyumba zenye vyumba. Katikati kabisa kachumba kadogo ambako hata hukaoni vizuri, kinachofuata kimekazidi kidogo, kingine kimekizidi hicho, vyote vimejikunja kukazunguka kale ka kwanza, na kuta zake zina vitundu kama chujio la chai. Nikasema Nyasaye wangu, Mungu wangu, kwa sauti, mpaka baba yake Daktari, mgonjwa kwenye chumba cha pili, akauliza nani amekufa.

Wasomi wanawaita foraminifera. Mimi nawaita vigamba, na Daktari amezoea. Alinieleza kwamba mwenye nyumba ile alikuwa kiumbe asiye na mkono wala tumbo wala moyo, tone tu la uhai linaloelea baharini karibu na juu. Anapokua anajijengea chumba kipya, akizidi kukua anaongeza kingine. Akifa, nyumba inashuka taratibu mpaka chini ya bahari, inalala juu ya wenzake. Hivyo hivyo, moja moja, mpaka ukapatikana udongo wa kujaza mifuko yetu na nchi nzima iliyoko chini yake. Nikamuuliza ni miaka mingapi, nikamwomba anihesabie kwa masika nielewe. Akafikiri, akasema masika milioni thelathini na zaidi. Nikamwambia hiyo si hesabu tena, hiyo ni sala. Alicheka, lakini mimi sikuwa natania. Nilikaa siku nzima naogopa kupumua karibu na kile kisahani.

Kuwatambua ndiyo kazi yenyewe, na ilinitoa jasho. Daktari ana maswali yake, na hayabadiliki hata ukimkasirikia. Anataka kujua kama huyu alielea au aliishi chini kwenye tope, maana wanaoelea ndio tunaowatafuta, na vyumba vyao vimevimba, vyepesi. Anataka kujua ukuta ni laini au una mashina ya miiba iliyovunjika. Halafu unamgeuza kwa ncha ya brashi uone anajikunja kulia au kushoto, kwa sababu wapo wa kulia na wa kushoto kama tulivyo sisi. Unahesabu vyumba vya mzunguko wa nje. Unatafuta mdomo wa nyumba uko wapi, na kama uko wazi au umefunikwa. Ukikosa jibu moja hupewi jina. Mara ngapi nimesema huyu ni fulani, Daktari akaniuliza mdomo wake je, nikarudi kumgeuza upya! Na jina lao lina sehemu mbili, la ukoo kwanza, kisha lake mwenyewe. Nilipenda hilo. Kitu kisichofika hata nusu ya punje ya ulezi, kina ukoo.

Sasa, mambo ya mwezi wa saba. Nilikuandikia kwamba kwenye kichupa cha mfuko wa tisa tumeona kigamba ambacho hakikutakiwa kuwapo. Aina ile vitabu vyote vinasema iliishia chini, kwenye udongo kama wa mfuko wetu wa kumi na nne. Hapo bahari ilibadilika, wasomi bado wanabishana kwa nini, na aina nyingi zilikatika kwa mpigo. Juu ya hapo hakuna aliyewahi kumwona tena. Na sisi tumemkuta mfuko wa tisa, juu zaidi, mzima, mweupe, kama hakusikia habari! Tena wale wa vitabuni wana vyumba vitano kwenye mzunguko wa nje, na baadhi ya hawa wetu wana cha sita, kidogo, kimefunika mdomo kama kope la jicho.

Daktari alikaa siku tatu anapima na kuchora. Hakula vizuri. Akasema aina ile haikuisha yote, kuna waliopona, na hawa ni kizazi cha waliopona, wamebadilika, hawana jina duniani. Halafu akanigeukia, akasema aliyewaona kwanza ni mimi, kwa hiyo mimi nichague jina. Mama, sikufikiri hata kidogo. Nilisema Awino. Akaniuliza maana yake, nikamwambia ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Akarudisha jicho kwenye hadubini, akatazama vile vyumba vinavyozunguka. Kisha akaandika. Akawaandikia wenzake wa ng'ambo barua mbili. Mimi nikakuandikia wewe, nikalia juu ya karatasi, nadhani uliona pale wino ulipotawanyika.

Wewe nawe ukaisikia kwa namna yako. Oduol anasema ulisimama kanisani Issenye ukatoa ushuhuda, kwamba kitu ambacho wenye elimu walikihesabu kimekwisha kimeonekana hai. Tangu siku hiyo unasema hakuna mtu aliyemwona Awino akifukiwa na shimo la machimbo, hakuna mwili, kwa hiyo nani anajua, huenda alitoka upande wa pili akavuka mpaka na kichwa kikiwa kimechanganyikiwa. Anasema umeanza tena kumwekea sahani.

Niliposoma habari ya sahani, niliketi chini pale pale uani. Baadaye nikanyanyuka nikamfuata Daktari, nikamwambia ukweli, na sasa nakuambia wewe.

Mama, kile kichupa cha mfuko wa tisa hakikuwa na udongo wa mfuko wa tisa.

Mwezi wa tano Daktari alimpeleka baba yake hospitali, akaniachia kazi siku mbili. Mfuko wa tisa ulikuwa na mchanga mwingi wa kukera. Nikasema ngoja nimsaidie. Nilichukua kile kivumbi kilichokwisha kauka nikakitia kwenye karai la maji, nikazungusha. Unajua tunavyozungusha. Mkono wangu haukuniuliza chochote. Juu kukaja povu jeupe, jepesi, nikalimwaga kwenye maboga, nikazungusha tena, nikamwaga tena, na nilikuwa naimba! Nikabaki na kile kizito cha chini, safi, kinang'aa. Nikakianika, nikaweka chini ya hadubini, nikaona mchanga. Mchanga mtupu. Vile vigamba ni vitupu ndani, vikikauka vinaelea. Lile povu ndilo lilikuwa mali yote. Miaka minne nimefundishwa kumwaga kinachoelea na kushika kinachozama, nami nikamwaga viumbe vya masika milioni thelathini kwenye maboga ya mzee Waitara, na kuku wakaja kuchokora.

Nilijaribu kuokota. Utaokota nini? Basi nikaogopa. Nilifikiri Daktari ataniambia nirudi kwenye dagaa, na mimi, Mama, nilikuwa siwezi tena kuishi bila kuweka jicho pale. Si kazi niliyoiogopea, ni kutokuona tena. Kwa hiyo nikafungua kichupa cha mfuko wa kumi na nne, kilichojaa tele, nikachota vijiko viwili nikatia kwenye kile cha tisa. Nilidhani udongo ni udongo. Nilidhani vyote ni vigamba, nani atajua. Na alipoanza kushangilia, kila siku niliyonyamaza ilifanya kesho yake iwe ngumu zaidi. Halafu akanipa jina nichague, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe kabisa.

Nilipomwambia, alivua miwani akaifuta, hakuivaa tena. Akauliza mfuko gani. Nikasema wa kumi na nne. Akauliza vijiko vingapi. Nikamwambia. Akatoka akaenda kusimama zizini kwa ng'ombe wa baba yake, amenipa mgongo. Aliporudi aliniomba nimwonyeshe nilipomwaga. Nikamwonyesha maboga. Alicheka, Mama, akacheka mpaka akakohoa, halafu kicheko kikakatika na uso wake ukawa mzee. Akasema alikuwa ameandika barua mbili, sasa lazima aandike ya tatu. Nilimwambia naondoka. Akaniuliza naenda wapi na kazi haijaisha. Akaniambia neno moja ambalo nimelibeba mpaka leo: kwamba ningemwachia kichupa kitupu na kukiandika kitupu, kisingemuumiza, kwa sababu kitupu nacho kinasema ukweli.

Nikakumbuka lile tunda la yago. Wazee wa nyumbani Utegi walipokata shauri kumzika Awino bila mwili, walilaza yago kaburini badala yake kama desturi yetu ilivyo, na hakuna mtu hata mmoja aliyesema yule ni Awino. Wote tulijua ni tunda, na wote tulilia. Wewe peke yako ulikataa kutupa udongo. Siku ile nilikuona mkaidi.

Nusu ya pili ya mfuko wa tisa ilikuwa imehifadhiwa chuo kikuu. Ikaletwa kwa basi. Daktari alinikalisha mbele yake, nikaosha kama nilivyofundishwa, nikachagua siku nne bila kuinua kichwa. Nilikuwa naomba. Nakuambia wazi, niliomba Mungu amweke mmoja tu pale, mmoja wa kweli, ili nisikuandikie barua hii. Nilikuta vidogo vidogo, vyenye kuta nyembamba, aina mbili tatu tu, wale wanyonge walioweza kuishi bahari ilipobadilika. Nikawahesabia vyumba na midomo kila mmoja. Walikuwa wazuri sana. Lakini yule hakuwapo hata mmoja. Na tulipomwaga kichupa kizima cha kumi na nne tukawakuta hata huko wenye kale kachumba ka sita, wachache, kama watu wanavyotofautiana pua. Kwa hiyo si kizazi kipya. Ni yule yule wa zamani. Ana jina tayari, alipewa na mtu mwingine miaka mingi nyuma. Jina la Awino Daktari amelikata kwa mstari mmoja mwembamba, mbele yangu. Aliniomba radhi alipokuwa analikata, yeye aniombe mimi radhi!

Hakupona, Mama. Aliishia pale pale walipokuwa wamesema.

Ningeweza kuishia hapa, na nilipoanza kuandika nilidhani nitaishia hapa. Lakini nimekaa mbele ya karatasi tangu asubuhi na naona kichupa chako bado nimekijaza udongo usio wake.

Siku ile ya mvua za elinino, kule Nyamongo, nilikuambia nilikuwa mtoni naosha, nikasikia kelele, nikakimbia nikakuta ukingo wa shimo umeshuka. Nilikuambia sikuona. Mama, niliona. Nilikuwa juu ya ukingo, hatua kumi kutoka kwake. Awino alikuwa amepandisha mawe kwenye karai, nikayatazama kwa haya macho yangu yanayosifiwa, nikamwambia ni takataka, arudi chini atafute yenye mstari wa kutu. Alinisonya. Unajua alivyokuwa akisonya. Akashuka. Alikuwa amevaa ile kanga yako ya kijani, ameifunga kiunoni. Aliinama, akaokota jiwe moja, akaniinulia nilione, na alikuwa anacheka kwa sababu lilikuwa zuri kweli. Nilifungua mdomo nimwambie hilo ndilo. Ukingo ukashuka wote kwa pamoja, na maji nyuma yake. Hakukuwa na upande wa pili wa kutokea. Nilibaki nimesimama, na mdomo uko wazi. Wanaume walichimba siku tatu kwa majembe na mikono mpaka upande mwingine nao ulipoanza kushuka wakakataa, na hawakukosea.

Nilikuficha kwa sababu mimi ndiye niliyemrudisha chini. Nilifikiri ukiwa na shaka utapona taratibu. Sikujua shaka hiyo itakufungia mkoba na kukuwekea sahani.

Usiende Migori, Mama. Mjomba Olima nimemwandikia aache kuulizia. Ile sahani iondoe, au kama mkono wako unakataa, iache mpaka nifike niiondoe mimi. Daktari amenipa ruhusa, na Ijumaa nitapanda gari la Mugumu. Ukitaka kunifukuza nifukuze nikiwa mbele yako, usinifukuze kwa barua. Na Jumapili, kama utaniruhusu kuingia nawe kanisani, nitasimama mwenyewe niwaambie watu kwamba ushuhuda ule haukuwa wako, ulikuwa uongo wangu. Kisha tutoke Issenye twende nyumbani Utegi, mimi na wewe tu, ukatupe ule udongo wako kaburini kwa Awino.

Barua hii nimempa mkononi mwalimu Heche, mwenzake Oduol, anayerudi shuleni leo, naye ameapa hataipitisha kwa Oduol. Msalimie Efrazia sana, wabusu watoto, na Oduol mwambie nitamsimulia mwenyewe, asianze kunikasirikia kabla sijafika. Waumini wenzako wote wape salamu zangu, ila wasiulize chochote kwanza. Mungu akukalie karibu unapokunja karatasi hii.

Ni mimi binti yako uliyebaki naye,

Selestina Adhiambo